Sera ya kutonyanyua katika makao ya wazee ni nini?

Sera ya kutonyanyua ni kanuni inayosema kwamba uzito wa mzee haubebwi kwa mikono ya mhudumu. Mzee asiyeweza kabisa kusimama huhamishwa kwa mashine ya kuinulia watu. Anayeweza kukanyaga kidogo na kufuata maelekezo husaidiwa na mashine ndogo ya kumsimamisha. Anayesogezwa kuelekea kichwani mwa kitanda hutelezeshwa kwa shuka la utelezi, havutwi. Mhudumu hubaki na kazi ya kuongoza, kushikilia na kumtuliza mzee.

Naandika kwa sababu wenzetu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanafanya kazi hii Marekani na Uingereza, na wengine wako njiani kwenda. Karibu wote hufundishwa kunja magoti, nyoosha mgongo, inua kwa nguvu za miguu. Kisha siku kiuno kinapokataa, mtu hujilaumu kwamba alikosea namna ya kuinua. Lawama hiyo si haki. Ushauri wa kukunja magoti unafaa kwa boksi lililoko sakafuni. Mzee yuko kitandani, kati yako naye kuna ukingo wa kitanda, na huwezi kumkumbatia kifuani kabla hujainama na kunyoosha mikono. Hapo mgongo umeshabeba mzigo hata kabla mzee hajasogea.

NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, ina kanuni ya kukokotoa uzito ambao mfanyakazi anaweza kuuinua. Kwa mzigo wa kawaida, mazingira yakiwa mazuri kabisa, kikomo ni kilo 23. Mwaka 2007 mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, alieleza kwamba kwa mtu anayehudumiwa kikomo kishuke hadi kilo 16. Boksi lina pembe za kushika na halibadili mawazo. Mtu hana mpini, uzito wake haukukaa mahali pamoja, na anaweza kushtuka, kukukamata shingo au kuishiwa nguvu za miguu ghafla.

Kilo 16 ni kiasi gani? Mguu mmoja wa mtu mzima ni takriban asilimia 16 ya uzito wa mwili wake. Kwa hiyo mzee wa kilo 100 akilala, na wewe ukamwinulia mguu ili nesi afunge kidonda, kikomo chako umeshakifikia kwa mguu tu. Na kikomo hicho hushuka zaidi ukiwa umejipinda kiuno, umepiga magoti, uko kwenye nafasi finyu ya bafuni, au urefu wa zamu yako umezidi saa 8. Anayefanya zamu mbili mfululizo alifikirie hilo la mwisho.

"Basi tuwe wawili," husema wengi. Wawili ni afadhali kuliko mmoja, lakini uzito haugawanyiki nusu kwa nusu, kwa sababu kila mmoja anainua akiwa amejipinda upande. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipima jambo hili mwaka 1999. Aliyehamishwa alikuwa na kilo 50 tu na alikuwa akitoa ushirikiano. Hata hivyo, wahudumu wawili wakiinua pamoja, hatari kwa mgongo ilibaki kubwa.

Madhara yenyewe huja kimyakimya. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini, na sehemu yake ya ndani haina neva. Inaweza kuchanika kidogo kidogo kwa miaka bila wewe kuhisi kitu, na haiponi upesi kwa sababu damu inayoifikia ni haba. Ndiyo maana utasikia mtu aliumia "alipookota taulo". Taulo halina kosa. Ni yale maelfu ya kuinua yaliyotangulia.

Kazi ya mashine inafanyikaje? Chukua mzee anayetoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kwanza kitanda kinapandishwa hadi usawa wa nyonga zako ili usiiname. Mzee anaambiwa kila hatua kabla haijafanyika, hata kama humdhanii kuelewa. Anageuzwa upande mmoja, slingi (kitambaa imara chenye vitanzi cha kumbebea mzee kwenye mashine) iliyokunjwa nusu inawekwa nyuma ya mgongo wake, kisha anageuzwa upande wa pili na nusu iliyobaki inavutwa. Vitanzi vinatundikwa kwenye mashine, vya kushoto na kulia rangi ileile, la sivyo mzee atakaa upande. Miguu ya mashine inapanuliwa. Anainuliwa kidogo tu juu ya godoro, kisha mnasimama na kukagua: vitanzi vyote vimeshika? Mapaja yamekaa sawa? Mkono haujabanwa? Ndipo anasogezwa hadi kwenye kiti ambacho breki zake zimeshafungwa. Kwa kawaida kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anaendesha mashine, mwingine yuko na mzee, uso kwa uso.

Mkanda wa kiunoni anaofungwa mzee ni wa kumwongoza anayetembea. Si mpini wa kumwinulia. Kumshika mzee makwapani na kumvuta kunaweza kumteguza bega, na wewe kukuumiza kiuno. Na ile mikanda mipana ambayo wafanyakazi huivaa wenyewe kulinda mgongo, NIOSH iliichunguza na mwaka 1994 ikasema hakuna ushahidi kwamba inamkinga mfanyakazi asiumie.

Mashine kuwepo kwenye jengo hakutoshi. Mashine moja ipo mwisho wa korido, betri imekwisha, slingi ya saizi ya mzee iko kwa dobi, na kengele tatu zinalia kwa pamoja. Mhudumu gani hatainua kwa mikono? Hapo sera imeshavunjwa na uongozi kabla mhudumu hajaivunja. Sera ya kweli ina betri za akiba kwenye chaja, slingi za saizi mbalimbali, watu wa kutosha kwenye zamu, na rekodi ya kila mkazi inayosema anahamishwa vipi, tena ya leo, si ya mwaka jana. Kuna wazee wanaotembea asubuhi na ikifika jioni hawawezi hata kusimama.

Wenye makao husema vifaa ni ghali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia makao 6 ya wazee Marekani yaliyonunua mashine, yakafundisha wafanyakazi na kuweka sera ya kutonyanyua. Madai ya fidia yaliyotokana na kuhudumia wakazi yalipungua kwa asilimia 61, na fedha zilizotumika zilirudi chini ya miaka 3.

Sheria hazifanani. Uingereza, kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari kwa mikono kadiri inavyowezekana, na mashine za kuinulia watu hukaguliwa kikamilifu kila miezi 6. Marekani, kanuni ya taifa ya kuzuia majeraha ya misuli na mgongo kazini iliyotolewa Novemba 2000 ilifutwa na Bunge Machi 2001. Mwaka 2003 mamlaka ya usalama kazini, OSHA, ilitoa mwongozo kwa makao ya wazee unaosema unyanyuaji kwa mikono upunguzwe katika kila hali na uondolewe inapowezekana, lakini mwongozo huo si sheria. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria, mwaka 2005, kwa hospitali na makao ya wazee. Majimbo mengine yamefuata, ila baadhi ya sheria hizo zinagusa hospitali peke yake.

Kwa hiyo siku ya kwanza kazini, uliza mashine ziko wapi, nani anachaji betri, na slingi za akiba zinawekwa wapi. Omba kuinuliwa wewe mwenyewe kwenye slingi wakati wa mafunzo. Utajua mzee anahisi nini akining'inia. Mzee akianza kuanguka usijaribu kumdaka. Msogeze karibu na mwili wako, mteremshe taratibu hadi sakafuni, ulinde kichwa chake, umwite nesi amkague. Kumtoa sakafuni ni kazi ya mashine.

Na ukisikia kiuno kimevuta, andika ripoti siku hiyohiyo, kabla zamu haijaisha, na ubaki na nakala. Wengi wetu hunyamaza kwa kuogopa kupoteza saa za kazi, au kwa sababu viza imefungwa kwa mwajiri. Lakini maumivu yasiyoandikwa ni magumu kuyadai fidia miezi mitatu baadaye, na aliyeumia bila kuripoti hurudi kesho kuinua tena.