Kiputo cha hisa kinapoingia kwenye bajeti

Kazi yangu ni kuchambua bajeti za serikali. Nikiona makusanyo ya kodi yamepita makadirio miaka kadhaa mfululizo bila viwango kupandishwa, kwanza huangalia soko la hisa: huenda kuna kiputo, yaani bei zimepanda kupita thamani halisi.

Hisa zikipanda, wanaouza hulipa kodi ya faida ya mtaji, na wafanyakazi wanaolipwa kwa hisa hukatwa kodi ya mapato. Hata asiyeuza hujiona tajiri na kufungua mkono madukani, ambako nako kuna kodi. Hazina inavuna mara tatu kutoka bei ileile. Kosa ni kuyahesabu mavuno hayo kama mshahara wa kila mwezi.

California ilifanya hivyo. Enzi za kampuni za intaneti, mapato yalipofurika, jimbo lilipunguza ada ya magari kuanzia 1999. Fahirisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa chenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kileleni Machi 2000. Kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani. Kodi zilizotokana na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya nusu, ila ahadi zilibaki palepale. Gavana Gray Davis aliporudisha ada ya zamani mwaka 2003, wananchi walikuja juu, na Oktoba wakamng'oa kwa kura (mgogoro wa umeme nao ulikuwa umemchafua).

Serikali kuu haikuwa na busara zaidi. Januari 2001, Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria ziada ya dola trilioni 5.6 kwa miaka kumi. Juni kodi zikapunguzwa. Mwaka wa fedha 2002 ulifungwa kwa nakisi ya bilioni 158. Mdororo wa uchumi na mashambulizi ya Septemba 11 vilichangia, lakini makadirio yenyewe yalijengwa juu ya mapato ya kiputo.

Japani, kiputo chake cha hisa kilipopasuka, iliumia kwa muda mrefu zaidi. Mapato ya kodi ya mwaka wa fedha 1990, yen trilioni 60 hivi, hayakupitwa hadi 2018, ingawa kodi ya matumizi ilikuwa imepanda kutoka asilimia 3 hadi 8.

Mwaka 2014 wapigakura wa California walipitisha kanuni ninayoipenda: kodi ya faida ya mtaji ikizidi asilimia 8 ya mapato ya kodi ya mfuko mkuu (kapu kuu la bajeti ya jimbo), ziada iende kwenye akiba na kulipa madeni. Ila akiba hiyo ikifika asilimia 10 ya mapato hayo, uwekaji wa lazima unakoma. Kwa jimbo linalotegemea hisa kiasi kile, mimi naona kikomo hicho ni kidogo mno.