Kabla ya kitanda, papasa ukuta

Wageni wengi wakifungua chumba cha hoteli hutazama kitanda. Mimi huinama kutazama ukuta unapokutana na sakafu. Ni mwashi wa nyumba za mawe hapa Lamu, na mwezi jana nililala siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari mtaa wa Mkomani, nyumba ya kale iliyofunguliwa tena baada ya ukarabati. Jina nalihifadhi.

Nianze na sifa, maana wanastahili. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, limebaki na baraza zake, na ukishalipita unakata kona ndipo uingie kiwandani, yaani ua wa ndani, ili wa njiani asimwone wa ndani. Boriti za mikoko zimebadilishwa zile zilizooza tu. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba: ukiivusha zaidi ya mita mbili na nusu hivi, inapinda. Ndiyo sababu misana yetu, yaani vyumba vya nyumba hizi, ni mirefu na myembamba. Wapo wanaochomeka nguzo za zege wapate ukumbi mpana wa kupigia picha. Hawa hawakuthubutu, nikafurahi.

Bafuni nilikuta birika, tangi la maji la kujengewa, na ndani yake chini bakuli la kaure lililojengewa ndani ya chokaa. Zamani birikani walifugwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, wanakimbilia bakulini. Nikamuuliza kijana wa mapokezi samaki wako wapi.

“Ami, tuliwatoa. Mgeni mmoja alipiga mayowe.”

Haya, sasa ukuta. Nyuma ya kitanda, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, lipu ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu. Nikaikwaruza kwa ukucha. Chokaa ingeacha unga. Hii iliukwangua ukucha wangu. Saruji, na juu yake rangi ya plastiki.

Jiwe la matumbawe lina chumvi na linanyonya maji kutoka ardhini. Lipu ya chokaa inapumua: unyevu unapita, chumvi inabaki usoni kama vumbi jeupe, unapangusa, yameisha. Saruji inaziba. Maji yanatafuta njia juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, hata inapobambuka inaondoka na uso wa jiwe lenyewe. Na kilichokuwa juu ya uvimbe ule ni zidaka, nakshi iliyochongwa chokaa ikiwa bado laini. Unyevu ukifika pale, hakuna rangi itakayoficha.

Siwalaumu mafundi peke yao. Chokaa inataka kuzimwa kwa maji, kulazwa, kisha kupakwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikisubiri mwenzake. Saruji leo, kesho rangi, keshokutwa mgeni.

Asubuhi ya kuondoka kijana akaniuliza, “Ami, tukipaka rangi tena haitoshi?”

Nikamwambia waibambue saruji yote mpaka juu ya unyevu, ukuta ukae uchi ukauke kaskazi nzima, ndipo warudishe chokaa. Akaanza kuhesabu vidoleni: Desemba, Januari, Februari. Akasita. Ni miezi ile ile vyumba vinapojaa.