Pengo la kipato, na jinsi riba ya Benki Kuu inavyomfikia kila mtu kivyake

Pengo la kipato ni tofauti kati ya wanachoingiza walio juu na wanachoingiza walio chini. Hupimwa sana kwa kipimo cha Gini, kilichotolewa na Mwitalia Corrado Gini mwaka 1912: sifuri ni pale wote wanapopata sawa, moja ni pale mtu mmoja anapochukua chote.

Kwa uchumi, swali kubwa ni shilingi iko mkononi mwa nani. Mama muuza mboga soko la Kongowea, Mombasa, akipata shilingi 500 za ziada, magharibi haziikuti: kuna unga, nauli ya matatu na deni la dukani. Mwenye jumba Nyali, si mbali na hapo, akizipata hizo hizo huziweka akiba. Kwa hivyo kipato kikirundikana juu, biashara za mtaani hupoa. Akiba hiyo yaweza kukopeshwa, ni kweli, lakini nani atakopa apanue duka lisilo na wateja?

Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa 5%, ukiyumba asilimia 2.5 juu au chini. Februari 2024 ilipandisha riba yake, ambayo riba za mikopo ya benki huifuata, hadi 13% ili watu wapunguze kukopa na kutumia. Yule mama hana mkopo wa benki; hukopa chamani, yaani kwenye kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Hata hivyo riba humfikia kwa njia ya kuzunguka: mkopo ukiwa ghali, mwenye jumba husimamisha ujenzi, mwashi na mbeba zege hukosa kibarua, na hao ndio wateja wake. Mwezi huo huo serikali iliuza hati fungani ya miundombinu, yaani ilikopa fedha kwa wananchi na taasisi, yenye riba ya zaidi ya 18%, isiyotozwa kodi. Riba za juu zilimfaidi aliyekuwa na akiba, huku zikimnyima mwingine kibarua. Hili linaniuma.

Sisemi riba isipandishwe. Bei ya unga ikiruka, anayeumia kwanza ni yule ambaye karibu kipato chote huishia jikoni. Ila riba peke yake haizibi pengo. Hiyo ni kazi ya kodi na ajira, ambazo ziko mikononi mwa serikali na Bunge.

Riba inaposhushwa, kama ilivyoanza Agosti 2024, nafuu huanzia kwa anayekopesheka benki. Mbeba zege husubiri mpaka ujenzi uanze tena.