Hatifungani ya kampuni katika vitabu vya hesabu: deni linaloanza pungufu na kukua hadi kutimia

Hatifungani ni hati ya deni. Kampuni inayohitaji fedha nyingi kwa muda mrefu huweza kuacha kukopa kwa benki moja, ikaligawa deni lake katika vipande na kuwauzia watu na taasisi mbalimbali. Kila anayenunua kipande huwa mkopeshaji wa kampuni, naye huahidiwa mambo mawili: kulipwa riba kwa vipindi vilivyotajwa katika hati, na kurejeshewa fedha iliyoandikwa juu ya hati siku itakapoiva. Mwenye hisa ni mwenye kampuni, hula faida ikiwapo na hukosa isipokuwapo. Mwenye hatifungani ni mdai, na haki yake iko pale pale hata mwaka wa khasara. Kwa sababu hiyo, katika mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji wa kampuni, hisa hukaa kwenye mtaji na hatifungani hukaa kwenye madeni, na riba hutolewa kwenye mapato kabla ya kupatikana faida inayotozwa kodi, wakati gawio la wenye hisa hutoka katika faida iliyokwisha kutozwa.

Kwa wakaazi wa Pemba mfano hauko mbali. Ng'ambo ya mkondo, mwaka 2024, mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kuboresha huduma ya maji. Bomba la maji hutumika miaka mingi na hurejesha gharama yake kidogo kidogo kupitia ankara za kila mwezi. Lingejengwa kwa mkopo wa mwaka mmoja, deni lingeiva kabla maji hayajaleta fedha ya kulilipia. Mali ya muda mrefu hugharamiwa kwa deni la muda mrefu, na naiona kanuni hii kuwa ya kwanza kufahamika kabla ya mtu kushika kalamu ya uhasibu.

Sasa tuingie ndani ya vitabu, kwa kampuni ya mfano yenye boti za abiria na mizigo baina ya Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba. Kampuni inatoa hatifungani ya shilingi bilioni 1, ya miaka 5, yenye riba ya asilimia 10 inayolipwa mara moja kila mwaka, yaani shilingi milioni 100. Hati zimekwisha kuchapishwa, lakini siku ya kuuza wawekezaji wanaona kwamba kwa hatari ya biashara hii wanastahili asilimia 12. Riba iliyoandikwa haibadiliki tena. Kinachobadilika ni bei. Mwekezaji hupima leo thamani ya fedha atakazolipwa kesho: riba tano za milioni 100, zikipunguzwa kwa asilimia 12 kwa kila mwaka wa kungojea, ni sawa na milioni 360.5 za leo. Na bilioni 1 ya mwisho wa mwaka wa 5 ni sawa na milioni 567.4. Jumla ni milioni 927.9, na hiyo ndiyo fedha itakayoingia benki.

Nilipofika hapa katika darasa ninalowafundisha waweka hazina wa vyama vya ushirika huko Chake Chake, bibi mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Maalim, hati inasema bilioni 1, benki imeingia milioni 927.9. Hizo milioni 72.1 zimekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba hazikwenda popote, kwa sababu hazikupata kuja. Kisha nikamtolea mfano wa daftari: mtu anaandikishwa deni la shilingi 100,000 na mkononi anapewa 92,000. Akilipa 100,000 siku ya ahadi, zile 8,000 ni malipo ya kukopeshwa, hata kama neno riba halikutajwa hata mara moja. Akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe ni riba iliyojificha kwenye bei."

Kauli yake ndiyo kiini cha uhasibu wa hatifungani. Kwa utaratibu wa kawaida wa IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichoanza kutumika rasmi mwaka 2018, siku ya kwanza kampuni huandika deni kwa fedha iliyopokea, baada ya kutoa gharama za moja kwa moja za kutoa hatifungani, kama vile ada za washauri na mawakala. Katika mfano wetu tuziache gharama hizo pembeni. Mhasibu anadebiti benki milioni 927.9, kwa kuwa fedha imeingia, na kukrediti hatifungani milioni 927.9, kwa kuwa deni limeongezeka. Anayeandika deni la bilioni 1 na kuzitia milioni 72.1 kwenye matumizi siku hiyo hiyo anaubebesha mwaka mmoja gharama ya miaka mitano.

Mwisho wa mwaka wa kwanza gharama ya riba haihesabiwi kwa kuzidisha bilioni 1 kwa asilimia 10. Huchukuliwa deni lililomo vitabuni, milioni 927.9, likazidishwa kwa kiwango halisi cha soko cha siku ya kuuza, asilimia 12, ikapatikana milioni 111.3. Fedha iliyotoka benki ni milioni 100 tu. Zilizobaki, milioni 11.3, ni riba iliyokwisha kuwa gharama lakini haijalipwa. Zinaongezwa juu ya deni, nalo linafika milioni 939.3 (tofauti ndogo ya nukta hutokana na kukadiria tarakimu). Kwa hiyo ingizo lina pande tatu: kudebiti gharama ya riba milioni 111.3, kukrediti benki milioni 100, na kukrediti hatifungani milioni 11.3.

Mwaka wa pili deni ni kubwa zaidi, basi na riba yake ni kubwa zaidi: milioni 112.7, na deni linafika milioni 952.0. Mwaka wa tatu linafika 966.2, wa nne 982.1, na wa tano linatimia bilioni 1 barabara, bila ya mtu kulilazimisha. Huwaambia wanafunzi wafanye hesabu hii kwa mkono angalau mara moja, mwaka kwa mwaka, maana jadwali la kompyuta hutoa jibu bila ya kumwonesha mtu deni linavyokua. Ukijumlisha gharama zote za miaka mitano utapata milioni 572.1, yaani riba za milioni 500 pamoja na zile milioni 72.1 alizoziuliza bibi.

Hapa pana mtego kwa msomaji wa taarifa za fedha. Anayetazama fedha zilizotoka ataona milioni 100 kila mwaka na kudhani kwamba mkopo ni wa asilimia 10, hali ya kuwa kampuni inakopa kwa asilimia 12. Soko likitaka asilimia 8 mambo hugeuka: hati huuzwa kwa milioni 1,079.9, gharama ya mwaka wa kwanza huwa milioni 86.4, na deni hushuka mwaka hadi mwaka mpaka kufika bilioni 1.

Mabadiliko ya bei ya hati sokoni baada ya siku ya kuuza hayaligusi deni linalopimwa kwa njia hii. Hati zikipanda au kushuka bei katika soko la Dar es Salaam, vitabu vya kampuni hubaki na hesabu yake. Linaloweza kuvibadilisha ni kampuni kuzinunua tena hati zake mapema. Ikizinunua mwisho wa mwaka wa tatu kwa milioni 950, imefuta deni la milioni 966.2, na tofauti ya milioni 16.2 huingia katika faida ya mwaka huo. Msomaji makini ataitenga faida hiyo na ile inayotokana na nauli.

Kwetu Zanzibar swali la riba haliepukiki, na ni haki liulizwe kwa uzito wake. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk, ambayo wengi huiita hatifungani ya Kiislamu. Jina hilo linapotosha kidogo. Katika sukuk ya ijara, yaani ya ukodishaji, kwa mfano, mwekezaji hununua sehemu katika mali au manufaa yake, na anacholipwa ni kodi ya mali hiyo. Panapokosekana mali, hapana sukuk. Mhasibu wa anayetoa sukuk hana budi kuusoma mkataba wenyewe: ukimlazimu kurejesha fedha iliyotajwa kwa tarehe iliyotajwa, viwango vya kimataifa kwa kawaida huiweka kwenye madeni, lakini gharama yake iitwe kwa jina lake, wala isiandikwe riba.

Turudi kwenye boti zetu, mwisho wa mwaka wa nne. Hatifungani imebakisha miezi 12, na deni la milioni 982.1 lazima lihame kutoka madeni ya muda mrefu kwenda madeni ya muda mfupi, hata kama hapana senti iliyolipwa. Kuhama huko ndiko humwambia muuzaji wa mafuta na benki ya kampuni kwamba katika mwaka unaokuja zinahitajika bilioni 1 za kulipa deni, juu ya milioni 100 za riba ya mwisho. Kampuni iliyokuwa ikitenga akiba kila msimu wa wageni itadebiti hatifungani bilioni 1 na kukrediti benki bilioni 1. Isiyotenga itakuwa imeshaanza kutafuta mkopeshaji mwengine, naye kitu cha kwanza atakachoomba ni mizania ile ile ya mwaka wa nne.