Malta Januari: baridi iko ndani ya nyumba

Wengi hudhani visiwa vya Mediterania vina joto mwaka mzima, wakafungasha kaptura na ndala. Malta, Januari, mchana hufika nyuzi 15 hivi. Usiku hushuka hadi 9 au 10. Kinachowatesa wageni hasa ni nyumba: kuta za mawe ya chokaa hufyonza unyevu, sakafu ni vigae, na nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Shuka huwa kama mbichi, taulo ya jana bado imelowa. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama kiyoyozi kinatoa pia hewa ya moto, na kama umeme unalipiwa kando. Beba soksi nzito na koti la mvua. Mwavuli hupinduliwa na gregale, upepo wa kaskazini-mashariki. Ukivuma sana, feri ya Gozo, kisiwa jirani, huweza kusitishwa, kwa hiyo ukienda huko rudi siku moja kabla ya ndege.