Kilichopigwa Marufuku ni Mfuko

Juma lililopita mteja mmoja alisimama mbele ya kaunta yangu hapa Malindi, akanyanyua kasha jeupe la foamu, lile la chipsi na viazi karai, akaniuliza kwa sauti ya hakimu kama siogopi kufungwa kwa kuuza plastiki iliyopigwa marufuku. Mkono wa pili ulishika mfuko wa samawati ambao yeye aliuita wa kitambaa, na ambao ni plastiki tangu mshono hadi mshono. Nimeuza vifungashio tangu enzi za karatasi za nailoni, na swali hilo nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Safari hii nimeamua kuliandika jibu.

Tangazo la kupiga marufuku mifuko ya plastiki lilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya mwezi Machi 2017, likaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo. Lilitaja vitu viwili: mfuko wenye vishikio, na mfuko bapa usio na vishikio, inayotumika kufungashia bidhaa madukani na majumbani. Kasha la foamu halikutajwa, wala chupa, wala kijiko, wala mrija. Sheria ililenga umbo, haikulenga malighafi, na asiyeitambua tofauti hiyo hawezi kuelewa kwa nini biashara nyingine ziliumia na nyingine zikanenepa.

Kwa supamaketi na maduka makubwa ya mjini sina mengi ya kusema. Zamani mfuko ulikuwa gharama iliyojificha ndani ya bei ya unga na sukari. Baada ya marufuku ukageuka kuwa bidhaa yenye bei yake, mteja akawa analipa shilingi 5, 10 au 20, na duka likabaki na chake. Mimi mwenyewe nimefaidika, na sioni haya kukiri: mfuko uliokuwa ukinipa senti sasa unanipa shilingi. Kwa hiyo kila ninaposikia kwamba marufuku iliua biashara, huuliza kwanza ni biashara ya nani.

Aliyeumia ni yule anayeuza kitu kidogo, chenye majimaji au cha kunata, kwa bei ya chini. Mfikirie mama anayepika mabuyu nyumbani. Mabuyu yake, yakiisha kukolezwa sukari, pilipili na rangi, yalitiwa katika kijifuko bapa cha upana wa vidole vitatu, mdomo ukazibwa kwa moto wa mshumaa, yakauzwa shilingi 5 karibu na lango la shule. Kijifuko kile kilizuia unyevu wa pwani usiiyeyushe sukari, kiliionyesha ile rangi nyekundu inayomvuta mtoto, na ndicho kilichokuwa kipimo chenyewe, kwa kuwa hakuna aliyehitaji mizani. Mabuyu yakitiwa katika karatasi, shira hunywewa na karatasi, na ifikapo saa sita mchana mtoto anakula buyu pamoja na maandishi ya gazeti. Kikopo cha plastiki, ambacho ni halali, hugharimu zaidi ya mabuyu yaliyomo. Mwenye barafu za ukwaju naye hakuachiwa hata chaguo baya, maana hakuna anayeweza kugandisha maji ndani ya karatasi.

Hapa ndipo penye kifundo kinachoniudhi, na naomba msomaji anivumilie nikifungue polepole. Ufungashaji wa awali unaofanyika kiwandani, pale bidhaa inapogusana moja kwa moja na plastiki, ulisamehewa, kwa sharti kwamba kifungashio kiwe na jina la kiwanda kinachohusika. Ndiyo maana mkate unaendelea kuuzwa katika plastiki na hakuna anayekamatwa. Maana yake ni kwamba mabuyu yaleyale, katika plastiki ileile, ni halali yakitoka kwenye mashine ya kiwanda yakiwa na lebo, na ni kosa yakitoka jikoni kwa mama yakiwa yamezibwa kwa mshumaa. Wengi hukimbilia kusema kwamba matajiri wamependelewa. Siendi mbali kiasi hicho, kwa sababu hoja ya lebo ina mashiko: takataka yenye jina ina mtu wa kuulizwa. Lakini sheria ni msumeno, na msumeno huu ulinolewa upande mmoja tu, kwa kuwa mpishi wa nyumbani hakuwekewa ngazi ya kupandia hadi kwenye msamaha huo. Wapo walioacha kupika. Wapo pia walioendelea na vijifuko vya magendo, vilivyovushwa mipakani na kuuzwa kwa kunong'ona, na bei yake ilikuwa na hofu ndani yake.

Wenye kudai kwamba mji wote ulianguka kwa sababu ya mifuko husahau kalenda. Siku chache baada ya marufuku kuanza ilikuwa Idi ya kuchinja, na mafungu ya nyama ya udhia, ambayo kwa miaka mingi yaligawiwa katika karatasi za nailoni, yakachukuliwa kwa sufuria, mabeseni na vikapu vya ukili. Nilimwona mzee mmoja akiondoka na fungu lake ndani ya pakacha, ametabasamu kama mtu aliyerudishiwa ujana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na katika majuma hayo yote watu walizishika pesa zao mkononi. Mauzo yangu yalishuka, lakini nikilifungua daftari la mwaka ule siwezi kuonyesha kwa kidole shilingi ipi iliondoka na mfuko na ipi iliondoka na wasiwasi. Yeyote anayekupa hesabu kamili ya hasara ya marufuku hapa mjini, mwombe akuonyeshe alivyouondoa uchaguzi ndani yake.

Nirudi kwa yule mfuko wa samawati. Si kitambaa! Ni nyuzi za polipropileni, jamaa ya ile inayofumiwa magunia ya mchele, zilizobanwa kwa joto bila kufumwa. Kata kipande cha ukingo, kishike kwa koleo, kiwashe: pamba huacha majivu, ilhali hiki hujikunja, huyeyuka na kudondosha tone linaloganda sakafuni. Nimelifanya jaribio hilo mbele ya wateja mpaka kaunta imepata madoa. Uhalali wa mfuko huo ulitegemea kutumiwa mara nyingi, na ulipoanza kutengenezwa mwembamba wa kuchanika kwa kilo mbili za viazi, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuuzuia kuanzia tarehe 31 Machi 2019, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Ninauuza, nausifia unene wake unapokuwa mnene, lakini sitauita kitambaa.

Kuhusu foamu, sheria inategemea umesimama wapi. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo fukwe, na kwetu hilo linahusu hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Kasha ambalo ni halali kibandani linakuwa kosa mikononi mwa mgeni anayeteremka nalo hadi mchangani. Muuza viazi analipenda kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa: ni jepesi, linahifadhi joto, na mchuzi wa ukwaju hauvuji. Udhaifu wake ni kwamba hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100, na mafuta ya karai yamepita hapo kwa mbali. Nimeletewa makasha yenye matundu, nikalaumiwa mimi, kumbe viazi vilitoka karaini moja kwa moja bila kuchujwa mafuta.

Wanaponiuliza kama kasha la karatasi ndiyo dawa, jibu langu husitasita. Lichane ukingoni na ulivute taratibu: katika mengi niliyoyachana, utando mwembamba wa plastiki ulibanduka upande wa ndani, na ndio unaozuia mafuta yasipenye. Yaliyotengenezwa kwa makapi ya miwa yananipendeza zaidi, ila bei yake anaimudu mwenye hoteli, haimudu mwenye kibanda. Muuza viazi jirani yangu amepata njia yake: walao papo hapo huwapa sahani ya bati na kuiosha, makasha ya foamu huyaweka chini ya meza kwa wanaokwenda nyumbani, na anayesema anaelekea ufukweni humfungia katika gazeti.