Bajeti Ndogo si Kazi ya Haraka: Dhana Potofu Kuhusu Angry Video Game Nerd: The Movie

Wengi wanaonijia kutaka makadirio ya gharama za filamu ni vijana wenye chaneli za vichekesho au za michezo ya video, na mara kwa mara huja na mfano uleule: Angry Video Game Nerd: The Movie, filamu ya Marekani ya mwaka 2014 iliyotokana na mfululizo wa mtandaoni wa James Rolfe, ambamo anaigiza mhusika anayekasirikia michezo mibovu ya video. Mfano wenyewe ni mzuri, na mimi pia huutumia ninapofundisha masuala ya bajeti. Kinachonichosha ni mafunzo wanayoyachota humo, kwa sababu karibu yote yanakwenda kinyume na yaliyotokea.

“Fedha ni chache, kwa hiyo tutamaliza upesi”

Dhana hii imezika miradi mingi kuliko nyingine zote ninazozijua. Mteja hunieleza kwamba kwa kuwa hana fedha nyingi atapiga picha kwa wiki mbili, atahariri kwa mwezi mmoja, na kufikia sikukuu filamu itakuwa sokoni. Nikimuuliza hesabu hiyo ameitoa wapi, hunijibu kwamba Rolfe alifanya hivyo.

Rolfe hakufanya hivyo. Michango ya umma ilikusanywa kupitia Indiegogo, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni, mwaka 2011. Lengo lilikuwa dola 75,000, na zikapatikana zaidi ya dola 325,000. Upigaji picha mkuu ulifanyika California mwezi Aprili na Mei 2012. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 21 Julai 2014, katika ukumbi wa Egyptian Theatre, Hollywood. Yaani baada ya wiki chache za kupiga picha ilihitajika zaidi ya miaka miwili kabla ya mtazamaji wa kwanza kukaa kitini, na hapo sijahesabu miaka ya kuandika na kuandika upya hadithi kabla ya hata senti moja kuchangwa.

Sababu yake si uzembe. Studio kubwa hununua muda kwa kuajiri watu: huku mmoja anasafisha sauti, mwingine anarekebisha rangi, na wengine wengi wanatengeneza madoido ya picha, wote kwa wakati mmoja. Mwenye fedha kidogo ana watu wachache, na mtu huyohuyo akishamaliza kazi moja ndipo anapoanza nyingine. Kazi haipungui kwa sababu mfuko umepungua, inapangwa foleni. Chukua dola 325,000, zigawe kwa dakika 115 za filamu ile, nawe utapata chini ya dola 3,000 kwa dakika, kiasi ambacho ndani yake kuna waigizaji, kamera, usafiri, chakula, bima, muziki na kila kilichoonekana kwenye skrini. Kilichoonekana kwenye skrini nacho si watu wawili sebuleni, bali ni jeshi, milipuko, safari ya jangwani na zimwi kubwa lenye uwezo wa kuangamiza miji.

Tuangalie mahali pamoja tu ambapo muda unakwenda. Rolfe ni mpenzi wa sinema za zamani za mazimwi, na filamu yake inatumia modeli ndogo katika sehemu ambazo wengine wangetumia kompyuta. Wateja wangu wakisikia modeli hudhani ni njia ya mkato. Ukipiga picha ya jengo dogo likianguka kwa kasi ya kawaida ya fremu 24 (picha moja moja) kwa sekunde, mtazamaji ataona kasha likiporomoka, kwa sababu vipande huanguka kutoka kimo kifupi na kufika chini upesi mno. Ili kifusi kionekane kizito, kamera lazima ikimbie: modeli iliyopunguzwa mara 16 hutaka kasi iongezwe mara 4, yaani takribani fremu 96 kwa sekunde. Fremu zikiwa nyingi, kila moja hupata mwanga kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo taa ziongezwe. Taa zikiongezwa, joto hupanda na plastiki hulegea. Moshi na vumbi navyo havikubali kupunguzwa kama mbao, kwa hiyo mtu anasimama kando akipuliza vumbi laini kwa kipimo hadi lifanane na wingu. Jengo likianguka vibaya, linajengwa upya. Siku nzima inaweza kuishia kwenye sekunde 3 zinazofaa, na hizo bado zinamsubiri mhariri.

Uhariri wa vichekesho nao ni mgumu kuliko wa tamthilia ya huzuni, nasema hivyo bila kusita. Fremu 6 ni robo ya sekunde, na robo hiyo ikizidi kabla ya jibu la mwigizaji, kicheko kinakufa. Hakuna programu inayoweza kumwambia mhariri mahali pa kukata. Anakata, anatazama, anapumzika, anarudi kutazama tena akiwa na watu ambao hawajaiona. Mtunzi wa muziki, ambaye katika filamu hii alikuwa Bear McCreary, mtu aliyejulikana tayari kwa kazi zake za televisheni kama The Walking Dead, hawezi kumaliza kazi yake hadi picha ifungwe, yaani hadi uhariri wa picha ukamilike. Mchanganyaji wa sauti naye humsubiri mtunzi wa muziki.

Kisha kuna gharama ambayo haimo katika bajeti ya mtu yeyote niliyewahi kuipitia. Miaka ile filamu ilipokuwa ikitengenezwa, vipindi vya mfululizo wa Rolfe vilipungua sana, kwa kuwa mtu aliyekuwa akiviandika, kuviigiza na kuvihariri alikuwa kwenye filamu. Kijana anayeishi kwa mapato ya chaneli yake lazima ajiulize kodi ya nyumba italipwa na nini katika kipindi hicho.

Ndiyo maana ushauri wangu, ambao wateja wengi hawaupendi, haubadiliki: nusu ya fedha iwekwe kando kabla kamera haijawashwa, isiguswe kwa ajili ya kupiga picha hata kama kuna eneo zuri mno la kupigia au mwigizaji maarufu aliyepunguza bei. Nimeona diski nyingi zilizojaa picha safi ambazo hazitakuwa filamu kamwe, kwa sababu fedha yote iliishia kwenye kodi ya kamera na posho, na hakuna aliyebaki na uwezo wa kumlipa mtu wa sauti.

“Alikuwa mchezaji wa michezo ya video tu, akabahatika”

Rolfe alisomea filamu katika University of the Arts, Philadelphia, na alikuwa akitengeneza filamu za nyumbani tangu utotoni. Video zake za kwanza za mhusika huyu alizirekodi mwaka 2004, na hazikuwekwa YouTube hadi 2006. Anayemtaja kama mfano wa mtu asiye na ujuzi aliyeinuliwa na mtandao amtafute mfano mwingine.

“Michango yote inaingia kwenye filamu”

Haiingii yote. Jukwaa hukata sehemu yake, kampuni za malipo hukata yao, na kodi ina madai yake. Kikubwa zaidi ni zawadi: ukimwahidi mchangiaji fulana au diski yenye sahihi, umeanzisha biashara ya pili yenye maghala, vifungashio na stempu za posta, na watu wanaoulizia mzigo wao kila wiki. Zawadi zinazosafirishwa nje ya nchi zinaweza kumeza mchango wenyewe. Mimi hupendelea zawadi zisizo na uzito, kama jina katika orodha ya shukrani au haki ya kuitazama filamu kwanza, na sijaona mchangiaji wa kweli aliyekataa kuchanga kwa kukosa fulana.

“Filamu ni kipindi kirefu”

Kipindi cha Rolfe kina mtu mmoja, kochi, televisheni na katriji mbovu (kasha la plastiki lenye mchezo wa video ndani), na hasira ya mtu huyo inatosha kukibeba kwa dakika 15. Dakika 115 zinahitaji lengo, kikwazo na watu wengine wa kubishana naye. Waandishi, Rolfe na Kevin Finn, ambao pia waliiongoza filamu pamoja, walilielewa hilo na wakampa mhusika safari ya kwenda New Mexico. Hata hivyo, kwa maoni yangu filamu ni ndefu kuliko inavyostahili, na dakika 20 zingeweza kuondolewa bila mtu kuzikumbuka. Vichekesho vinavyozidi dakika 95 viwe na sababu nzito.

“Ukichekesha huhitaji ruhusa”

Hadithi nzima inauzunguka mchezo wa video wa kampuni ya Atari wa mwaka 1982 uliotokana na filamu ya E.T., lakini ndani ya filamu ya Rolfe mchezo huo unaitwa Eee Tee, na mwonekano wake umebadilishwa. Kejeli ina kinga yake katika sheria ya Marekani, ila kinga hiyo hutetewa mbele ya hakimu, na mwenye bajeti ndogo hawezi kulipia hata siku ya kwanza ya utetezi huo. Kubadilisha jina hakugharimu kitu. Wateja wanaotaka kutumia wimbo wa mtu au nembo ya kampuni kwa hoja kwamba ni utani nawaambia hapana, na mazungumzo yanaishia hapo.

“Waliitunga baada ya katriji kufukuliwa”

Filamu inahusu tetesi za katriji za E.T. zilizozikwa jangwani, na wengi hudhani ilitungwa baada ya katriji hizo kufukuliwa. Tarehe zinakataa. Dampo la Alamogordo, New Mexico, ambako Atari ilizika bidhaa zake Septemba 1983, lilifukuliwa tarehe 26 Aprili 2014, miaka miwili baada ya picha za filamu kupigwa. Wengi waliiona hadithi hiyo ya maziko kuwa tetesi tu wakati waandishi walipoichukua, na ikathibitishwa miezi mitatu kabla ya onyesho la kwanza.

Pamoja nayo huja dai kwamba mchezo huo pekee ndio ulioangusha soko la michezo ya video la Marekani mwaka 1983. Atari ilipata hasara ya dola milioni 536 mwaka huo, na hasara ya namna hiyo haitokani na katriji moja: maduka yalikuwa yamefurika michezo mibovu ya kampuni nyingi, na kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeshuka bei kiasi cha kuvutia wazazi walewale. Hata dampo lenyewe halikuwa na E.T. peke yake, zilitoka pia Centipede na Missile Command, michezo iliyopendwa. Howard Scott Warshaw, aliyepewa takribani wiki tano tu kuuandika mchezo wa E.T., anaonekana katika filamu ya Rolfe akiigiza kama yeye mwenyewe.